Shemeji wa Kina cha Ishirini na Mbili

Nicheke kwanza mwenyewe, maana watu wa Katonga, mwalo wetu wa dagaa, walishamaliza kunicheka.

Nilirudi Ujiji baada ya miaka mingi ya kuhamahama, nikakuta katika wote niliosoma nao amebaki Bakari tu, muuza dagaa, na kwa bahati bado anacheza chesi (wengine wote pale mwaloni ni drafti). Kila asubuhi tunaweka ubao juu ya gunia, ananifunga, mpaka nikaogopa atanichoka, na nje ya ubao ule sikuwa na mtu wa kuongea naye.

Basi nikaingiza programu ya chesi kwenye simu, nikaificha mapajani, waya sikioni, na kwa kiherehere changu nikaiongezea kina: badala ya kuchungulia hatua kumi mbele, ichungulie ishirini na mbili. Sasa, programu hizi zina jedwali la hashi, humo zinatunza mikao ya kete ambayo zimekwisha kuipima ili ikijirudia zisianze upya, lakini simu yangu ni kuukuu (nimeing'ang'ania kwa ajili ya picha za Mpanda na Kalemie), jedwali likawa dogo, linasahau, programu inapima yaleyale tena na tena, na mimi nimeinama tu nikingoja jibu.

"Bwana we, nani anakutafuta hivyo?" Bakari akauliza.

"Mke wangu." (Sina mke.)

"Ala! Na ulikuwa unamficha? Mama Asha, njoo umsalimie shemeji!"

Mkewe akaacha dagaa zake, akaichukua simu mapajani kwangu, akachomoa waya, akasalimia kwa Kiha. "Shemeji, mwakeye! Za huko?"

Wapagazi wakasogea. Ndipo programu ikamaliza kufikiri, ikasema kwa sauti nyororo ya kike: "Nait, efu faivu. Chek."

"Kumbe shemeji Mzungu!" mpagazi mmoja akapiga kelele, na mwalo mzima ukaangua kicheko.

Bakari hakucheka. Alimsogeza farasi wangu pale shemeji aliposema, akaona kweli mfalme wake ametishwa.

"Kumbe nacheza na simu," akasema polepole. "Na mimi kila asubuhi nakungoja wewe."

Akakusanya kete.

Tangu siku hiyo naenda Katonga mikono mitupu, bila simu, nakaa karibu na lile gunia. Na nimeapa: nikiulizwa tena nani ananitafuta, nitajibu ukweli. Hakuna.