Simba Wawili wa Saruji

Nyumba ile waliijenga Waingereza wa mgodi wa madini ya risasi, akakaa humo meneja wao. Walipoondoka ikabaki pale kilimani, nje kidogo ya mji wa Mpanda, ikipangishwa kwa huyu na yule. Miaka ya tisini ilipoanza ilikuwa bado ndiyo nyumba pekee mjini iliyostahili kuitwa nyumba. Nasema hivyo kama fundi mwashi. Kuta zilikuwa nene, za matofali ya kuchoma, moja limelala kufuata ukuta, la pili limeingia ndani kwa urefu wake, toka msingi hadi juu bila mstari hata mmoja kupinda. Juu ya kila dirisha kulikuwa na tao dogo la matofali yaliyosimamishwa. Paa la vigae lilishuka chini sana, likafunika baraza pande tatu, kiasi kwamba jua la Oktoba halikugusa ukuta. Aliyeichora alijua jua linachomoza wapi na linazama wapi. Sijawahi kumsifu mkoloni kwa jambo jingine.

Kisha ikanunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, mtu mwenye pikapu mbili na maoni mengi.

Aliniita nikamwone. Nilikuwa kijana wa makazi ya Katumba, mtoto wa wakimbizi wa Kirundi, uashi nimefundishwa na baba yangu, mjini naingia kwa kibali. Tulisimama uani, yeye kaipa nyumba mgongo kama mtu aliyegombana nayo.

"Fundi, hii kitu imezeeka. Wageni wangu wakija wanadhani nimepanga."

"Mzee, nyumba hii haina ufa hata mmoja."

"Nimekuuliza habari za ufa? Toa vigae, weka bati. Bati linalong'aa, mtu akishuka kwenye treni alione. Na hili baraza linaniletea giza, kata."

"Ukikata baraza, jua lote litaingia sebuleni."

"Nitanunua feni."

Umeme wa mji siku hizo ulikuja na kuondoka unavyotaka, lakini sikumkumbusha. Nilimdharau, na kazi yake nikaichukua. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Mbele ya nyumba, pale baraza lilipokuwa, alitaka nguzo nne nene. Nguzo zile hazikubeba chochote. Nilizijenga zikasimama tu, kama walinzi wasiojua wanalinda nini. Juu ya mbili za katikati alitaka simba, akanionyesha picha kwenye kalenda. Simba wenyewe hawakuwa mbali, wako hifadhini upande wa Sitalike, ila yeye alimtaka wa kalenda. Mimi nilikuwa sijawahi kufinyanga hata kuku. Nilisuka nondo, nikazizungushia waya wa banda la kuku, nikapiga saruji niliyoichanganya na udongo mwekundu ili ifanane na jiwe.

"Huyu wa kushoto mbona anacheka?" akauliza mwenye nyumba.

"Amefurahi kufika, mzee."

Akaridhika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia neno lolote kwa sauti ya heshima, anaridhika.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Mvua zikaja, simba wakaota ukungu na weusi mabegani, wakaonekana wazee kuliko mimi. Mwezi wa pili akashuka kwenye treni mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kamera shingoni, kalamu mbili mfukoni, anaandika habari za majengo ya kale ya mikoani. Nilifurahi, nakiri. Nilidhani hatimaye amefika mtu wa kuzungumza naye. Mwenye nyumba hakuwepo asubuhi ile, na mimi nilikuwa napaka rangi, kwa hiyo nikawa mwenyeji wake.

Alisimama mbele ya simba wangu, akavua kofia.

"Unaona hawa?" akasema polepole, kama anafundisha watoto. "Huu ni mtindo wa Kijerumani. Simba ni alama ya dola. Tazama ile nidhamu usoni."

"Huyo wa kushoto nilimtengeneza mwezi wa nane," nikamwambia. "Ndani yake kuna waya wa banda la kuku."

Akacheka, akanigonga bega. "Fundi, wewe ulimkarabati. Kujenga na kukarabati ni vitu viwili."

"Mjerumani hakuijenga hii. Mgodi ulianza wakati wa Mwingereza."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

Akaandika kwenye daftari lake. Sijui kama aliandika simba au darasa langu.

Nikamvuta hadi nyuma, kwenye jiko, kajengo ka pembeni ambako mwenye nyumba hakukagusa kwa sababu hakaonekani kutoka barabarani. Vigae vilikuwa bado juu, na tao la mlango lilikuwa zima. Nikaweka kiganja kwenye matofali. "Hapa ndipo pa kupiga picha. Shika uone. Nje kunawaka, huku ni baridi."

Hakushika. Alichungulia mlangoni, akasema, "Hili ni jiko la watumishi," akarudi mbele kwa simba.

Saa hiyo pikapu ikaingia na mwenye nyumba. Alipolisikia neno Mjerumani, uso wake wote uling'aa kama bati lake.

"Kabisa! Hata babu yangu alikuwa anatusimulia habari za Mjerumani wa hapa."

Mwenyewe aliwahi kuniambia babu yake alizaliwa na kufa Usukumani, na Mpanda hakuwahi kuiona. Nilifungua mdomo. Mwenye nyumba akanishika mkono, akanipeleka pembeni, bado anatabasamu.

"Ukisema neno lingine, hutaweka tofali tena mji huu. Na kibali chako nitakwenda kukiulizia."

Nilichukua brashi, nikaendelea kupaka dirisha huku nawasikia wakipeana Ujerumani kama watu wanaogawana nyama. Mtaalamu alipiga picha za simba kutoka kila upande. Kwenye moja alisimama katikati yao, mikono kiunoni. Kesho yake akapanda treni akaenda zake. Baada ya wiki mbili kikapigiliwa kibao getini, herufi nyeupe: NYUMBA YA MJERUMANI.

Nilipata kazi Usevya, nikakaa huko miezi kadhaa. Niliporudi kiangazi kilikuwa kimekomaa, nikapita pale kudai ngazi yangu niliyoisahau. Sebule ilikuwa imefungwa, na mapazia mazito yameshushwa. Bati lilikuwa linalia kwa joto, ta, ta, ta. Nikazunguka nyuma nikiita hodi, nikamkuta bwana mkubwa jikoni, kakaa kwenye kigoda pamoja na mkewe na wageni wawili wenye suti, magoti yao yanagusana, wanakunywa soda.

"Karibu fundi," akasema, akijipepea na gazeti. "Tumehamia huku. Sijui kwa nini, lakini hapa pana hewa."

Mkewe akainua macho kwenye vigae, kisha akanitazama mimi. Walinisogezea ndoo niikalie. Nilikunywa soda yao taratibu mpaka ikaisha, nikachukua ngazi yangu, nikaondoka.