Korti ya Kwao Jairus

Ua wa michongoma kati ya boma la Wakiuru na la Jairus, pale Kachibora, upande wa Kitale, zamani ulikuwa na pengo. Muturi, mumewe Wakiuru, ndiye aliyelikata, ili majirani wakitoka kanisani wasizunguke. Hapo yalipita makaa ya moto, ikapita chumvi, na mwaka wa ukame akapita ng'ombe mwekundu. Muturi alimpa Jairus amtunze: ndama wa kwanza awe wa mtunzaji, wa pili arudi kwa mwenyewe. Hawakuandikiana. Waliomba, wakanywa chai, basi.

Mungu akamwita Muturi. Jairus alishika jembe kaburini, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Lakini ndama wa pili alipokua mtamba mzuri, mwenye baka jeupe pajini, Jairus huyo huyo aliziba pengo kwa miiba.

"Baba Phanice," Wakiuru alimsihi, "huyo mtamba ni mkono wa mzee wangu. Nirudishie."

"Ati mkono wa mzee? Si unishtaki! Lakini mimi si mtu wa huku, mama. Nishtakie kwetu Bungoma."

Wakiuru aliamini. Kachibora, mtu akiulizwa kwao hutaja walikozikwa babu zake. Yeye mwenyewe aliletwa huku akiwa mgongoni mwa mamake, na mpaka leo husema kwao ni Nyeri. Jairus kwao ni Misikhu, huko Bungoma, kila Krismasi huenda. Basi akajitanda leso, akaomba, akafunga safari ya Bungoma.

"Anayeshtakiwa anaishi wapi, mama?" karani wa korti alimuuliza.

"Kwao ni Misikhu."

"Sijauliza atazikwa wapi. Analala wapi? Mahindi anapanda wapi?"

"Si hapo tu, ng'ambo ya ua wangu. Kachibora."

Karani alitabasamu. "Basi korti yako umeiacha nyuma. Mtu hushtakiwa anakoishi, na ng'ombe mwenyewe yuko huko huko. Rudi Kitale, mama."

Njiani hakuwa na hasira. Alikuwa anazisikia sauti za Jairus na Muturi, zikivuka ua pamoja kila Jumapili, mmoja akianza wimbo, mwingine akiupokea.

Alimkuta Jairus langoni mwake. "Baba Phanice, Bungoma wamekukataa."

"Wamenikataaje?"

"Wanasema wewe ni mtu wa hapa. Kesi yetu ni ya Kitale, na kesho naenda."

Jairus alitazama chini. "Miaka yote hii naitwa wa kuja. Leo ndiyo korti imenipa kwetu?"

"Korti gani!" mkewe, Nelima, alipaza sauti kutoka jikoni. "Si Muturi alikupa kitambo, akakukatia na njia? Fungua kamba, bana, kabla mama wa watu hajafika Kitale!"

Jairus alichukua panga, akaanza kukata miiba. Mtamba alipopita, Wakiuru alimkumbatia shingo, machozi yakamtoka.

"Kesho mje kunywa chai," aliwaambia. "Na msizunguke."