Mtu Niliyemtaja

Kofi la kwanza lilinikuta nimechuchumaa juu ya beseni, natazama damu. La pili lilinikuta nimeshika ukingo wa beseni nisianguke. Aliyenipiga ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke ambaye wiki nzima alikuwa akinikatalia hata kunyanyua ndoo. Hakuwa na chuki nami. Alikuwa anaogopa, na mama yake, aliyesimama mlangoni nyuma yake, alikuwa anaogopa zaidi.

"Mtaje," alisema mama mkwe.

"Nimtaje nani, mama?"

"Unamjua wewe. Mtaje, mtoto apone."

Tulikuwa shambani, mbali kidogo na Chita, kwenye vibanda tunavyohamia msimu wa mpunga na kukaa mpaka gunia la mwisho liondoke. Nilikuwa na miaka thelathini na mimba ya miezi miwili na siku kadhaa. Kabla ya hiyo, mimba mbili zilikuwa zimetoka, zote ndani ya ndoa hiyo. Hii ya tatu niliitaka kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuruka mifereji, nimeacha kuinama, hata kucheka nilicheka mdomo umefungwa. Asubuhi ile niliona doa dogo kwenye nguo. Kufika saa nne damu ilikuwa inashuka mguuni.

Mama mkwe alikuwa na maneno yake: mimba haikubali damu mbili. Kwa ufahamu wake, mwanamke mjamzito akitokwa damu amekutana na mwanamume mwingine, na mpaka amtaje, kila hatua ya kwenda hospitali inamuua. "Ukipanda chombo hujataja, utafia njiani," alisema, na hakusema kwa kutisha. Alikuwa na binti wa mwisho aliyevuja damu kwenye kibanda kile kile. Walimlaza kwenye tela la trekta kumpeleka stesheni ya treni, akakata roho kabla hawajafika. Watu wakasema amekufa na jina mdomoni. Mama mkwe alilishika neno hilo, kwa sababu lingine lililobaki ni kwamba walichelewa kumpeleka, na hilo mama hawezi kulibeba.

Mume wangu alikuwa nje, kando ya pikipiki. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nilimwita kwa sauti ambayo hata watu wa vibanda vya jirani waliisikia. Alikuwa anakagua tairi la mbele kana kwamba limetoboka.

"Usimwite huyo," wifi alisema. "Sema hapa."

"Wifi, nakufa."

"Ndiyo maana nasema sema."

Akanishika nywele kwa nyuma akanigongesha kichwa kwenye nguzo ya kibanda. Mara moja, halafu ya pili kwa nguvu zaidi. Kila pigo nilihisi kitu kinateremka tumboni, na sikuwa na hofu ya kichwa hata kidogo. Nilifikiri tu: wakiendelea hivi, itatoka hapa hapa kwenye beseni na nitaiona.

"Wa maziwa," nikasema.

Kulikuwa na Msukuma mmoja, mfugaji, aliyepita vibandani kwetu na baiskeli yenye madumu ya maziwa. Alikuwa mrefu, mpole, akimwamkia mama mkwe shikamoo akiwa bado hata hajashuka kwenye baiskeli. Hatukuwahi kuzungumza chochote zaidi ya maziwa na mvua. Mwezi mmoja nyuma ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga wetu ukiwa unaiva, wakala na kukanyaga eneo kubwa. Hawakuwa ng'ombe wake, lakini kwa hasira iliyokuwepo hakuna aliyejisumbua kutofautisha. Na wiki mbili zilikuwa zimepita tangu yeye na wenzake wahame na mifugo yao. Watu walisema wamevuka mto. Nilimtaja kwa sababu hakuwepo. Nilimtaja pia kwa sababu nilijua ndiye ambaye wangemwamini bila kuuliza swali la pili.

Wifi akaachia nywele zangu. Mama mkwe akaja, akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, akalia.

"Ahsante, mwanangu. Sasa nenda."

Ufunguo ukatoka mfukoni.

Mpaka barabarani nilikaa kwenye pikipiki nimebana mapaja, paji la uso nimelilaza mgongoni mwa mume wangu. Hapo tuliacha pikipiki kwa watu, tukapata fuso lililobeba mpunga kuja Ifakara, dereva akanipa kiti cha mbele, mume wangu akapanda juu ya magunia. Barabara wakati ule ilikuwa imeliwa na masika. Dereva alikuwa mtu wa utani.

"Shika hapo juu, dada. Shimo hili lina ukoo. Huyu ni baba, mbele tunakutana na wajomba."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikahisi moto kati ya miguu. Aliangalia kiti, akaona kanga. Utani ukamwisha. Tangu hapo aliendesha kwa kutukana, anayatukana mashimo moja moja kwa sauti ya chini, na kila shimo nililiingia na mwili mzima. Kuna mahali nilimwomba asimame. Akasema, "Nikisimama hapa, dada, naogopa hatutaondoka," akaendelea.

Hospitali niliwekwa kitandani saa ile ile. Nesi aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mwenye sauti kavu. Aliniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, nimebadilisha nguo mara ngapi, kuna mabonge, maumivu yapo upande mmoja au katikati, bega linauma, nimezimia. Aliuliza pia kuhusu uvimbe kwenye paji la uso. Nikasema nimejigonga.

"Kwa nguvu hizo?" alisema, akaandika.

Kwenye kipimo cha picha sikutaka kutazama. Daktari, kijana tu, aliusukuma mkono wa mashine tumboni kwangu kwa muda mrefu hata nikaanza kusali sala ya wafu. Kisha akageuza kioo. Kulikuwa na kitu kidogo kama punje, na ndani yake kitu kinapepesa.

"Moyo upo," alisema. "Lakini siahidi kitu. Kuna mimba zinavuja damu hivi na zinakaa. Kuna nyingine zinatoka hata tukifanya nini. Tutalala hapa siku chache tuone."

Nesi aliporudi nilimuuliza kwa kunong'ona kama damu ile ingeweza kuja kwa sababu ya mwanamume.

"Mwanamume gani?"

"Yeyote. Akiwa siyo mume."

Alinitazama, akautazama tena uvimbe wangu. "Mama, inatoka pale mimba ilipojishikiza. Damu haimjui mtu." Akanipa pedi. "Ikijaa moja ndani ya saa moja, piga kelele. Ukisikia kizunguzungu, piga kelele. Usikae kimya kwa heshima hapa, heshima inaua."

Siku mbili za kwanza wodini sikuzijua kama siku. Zilikuwa safari za msalani. Nilikaa na mkojo mpaka unaniuma, kwa kuogopa kujifuta. Nilijiapiza kutotazama, nikatazama. Nyekundu ya kung'aa ilinipasua, ile ya kahawia ilinipa pumzi, kwa sababu nesi alisema hiyo ni damu ya zamani inaondoka. Mwanamke wa kitanda cha jirani alipoteza ya kwake mchana, watu wakila. Alipiga ukuta kwa ngumi hadi vidole vikachubuka, na mimi nilijifunika shuka usoni nikashukuru kwamba siyo mimi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri.

Mume wangu alikuwa amerudi shambani. Siku ya tatu alinipigia simu.

"Unaendeleaje?"

"Imepungua. Imekuwa kahawia."

"Unaona?" Sauti yake ilikuwa na furaha. "Yule wa maziwa amepatikana."

Sikuelewa. Au nilielewa na mdomo ukakataa. "Nani?"

"Alirudi kutafuta mtamba aliyepotea. Wadogo zangu wamemkuta njiani, karibu na uwanja wa kupigia mpunga. Wamemnyoosha. Mama amesema damu itakata sasa."

Walimpiga kwa fimbo za kupigia mpunga. Nazijua fimbo zile. Nimezishika tangu utoto. Ni nzito, zimelainishwa na viganja, na mtu akizoea anapiga bila kufikiri huku anaimba. Niliwaza mikono ya mashemeji zangu ikipanda na kushuka kama tunavyofanya kila mwaka, nikakata simu.

Kesho yake yule wa maziwa aliletwa hospitali ile ile. Nilikuwa bombani wakati pikapu inaingia getini. Kichwa kilikuwa kimefungwa shuka, mkono umening'inia ambavyo mkono haukai. Sikumtambua kwa uso, kwa kuwa haukuwa uso. Nilimtambua kwa urefu, walipomshusha miguu ikabaki nje ya machela.

Niliambiwa taya limevunjika, na jicho moja hawana uhakika nalo. Siku nzima nililala nimeelekea ukutani. Nilijiambia: ukienda kusema, utasisimka, damu itarudi, utaipoteza. Nilijiambia nesi amesema nipumzike. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nayatumia kujificha. Siku iliyofuata nilikwenda nyuma ya wodi, kwenye majiko ya wanaouguza.

Mke wake alikuwa anakoroga uji mwepesi. Umri wetu ulikuwa karibu sawa.

"Habari za mgonjwa, mama?"

"Anakunywa kwa mrija," alijibu bila kuinua macho. "Wa kwako?"

"Mimi ndiye niliyemtaja."

Mwiko uliendelea kuzunguka kidogo, kisha ukasimama.

"Alikugusa?"

"Hapana. Hajawahi."

"Sasa ulimtaja kwa nini?"

"Walikuwa wananipiga. Walitaka mtu."

"Kwa nini hukumtaja mtu wa kwenu?"

"Nilijua mmehama."

"Kwa hiyo aliyehama ndiye wa kupigwa."

Alisimama na mwiko mkononi, uji unadondoka, akanipiga nao begani. Uji wa moto ulinishika shingoni na nyama ikaungua. Akainua tena. Mkono wangu, bila kuutuma, ulikwenda tumboni, siyo usoni. Akauona.

"Una mimba?"

"Inatoka damu. Ndiyo maana niko hapa."

Wanawake wengine walikuwa wameacha sufuria zao. Aliushusha mwiko polepole, akapumua kama mtu aliyekimbia.

"Toka, kalale," alisema. "Ukizaa salama, uje na huyo mtoto. Useme mbele ya mume wangu na mbele ya hao wakwe zako kwamba ulisema uongo. Ikiharibika, usije. Nitasema Mungu amenilipa, na mimi sitaki kusema hivyo."

Haikuharibika. Damu ilikata, ikarudi wiki mbili baadaye kwa siku moja, ikakata kabisa. Mume wangu alipokuja kunichukua nilimweleza ukweli njiani. Alisimamisha pikipiki. Nilidhani atanipiga. Alisema tu, "Usimwambie mama. Sasa hivi analala usingizi." Na ni kweli, kwa mama mkwe mambo yote yalikuwa wazi: nilitaja, mtoto akabaki. Kadiri tumbo lilivyokua ndivyo uongo wangu ulivyozidi kuwa kweli pale nyumbani. Alikuja kumfundisha wifi yangu mwingine hivyo hivyo, mbele yangu, akinitolea mfano mimi. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Binti yangu alipoanza kutembea niliondoka ile ndoa. Tangu hapo sijakaa mahali misimu mitatu. Nimepika chakula cha wavunaji Kiberege, nimeuza nguo za mitumba Mlimba, nimepanga vyumba Mlabani, hapa Ifakara, zaidi ya vile ninavyokumbuka. Bado naukumbuka mpunga wa Chita unapoanza kunukia kabla ya kukatwa, na mara nyingine natamani kurudi, wifi anikatalie tena kubeba ndoo.

Yule wa maziwa na mke wake najua walipo. Mtu aliyeko upande wa Malinyi aliniambia: taya lilijiunga vibaya, jicho lilikufa, ana duka dogo la dawa za mifugo. Zamani nilisema tatizo ni kivuko cha mtoni. Sasa daraja lipo, nimelivuka mara nne kwenda Mahenge, na kila tukifika Lupiro, njia ya Malinyi inapoachana na yetu, mimi hutazama mbele.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka kumi na mitatu. Nilimweleza yote, kuanzia kwenye beseni. Nilipomaliza akaenda chumbani, nikasikia anafungua zipu ya begi.

"Unafanya nini?"

"Twende basi, mama. Si alisema uje na mimi?"

Nikamwambia tungoje mvua iishe, barabara ya huko ni mbaya. Akasimama mlangoni na gauni lake mkononi, akatazama uani, kwenye vumbi.

"Mvua gani?" akauliza.