Tundu la Jiwe la Kijani

Chuo kikuu walituonyesha picha za mapambo ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati: nyuso za watu na ndege waliochongwa katika jiwe la kijani, mengi yakiwa na tundu la kupitisha uzi. Mhadhiri alisema mafundi wale walitoboa kwa kupekecha kijiti juu ya mchanga na maji, akasifu subira yao. Wenzangu wakaandika "subira". Mimi viganja vikaanza kuniwasha.

Miaka ya thelathini, kwetu Shinyanga, bibi mzaa mama alivaa shingoni jiwe la kijani la marehemu baba yake. Mdogo wangu alipozaliwa akapewa jina la marehemu. Akianza kuketi ingefanywa karamu, naye afungwe jiwe hilo, ili marehemu amtambue wajina wake. Mwaka ule bibi hakuwa na neno lingine.

Akarudi mjomba, mwanawe, kutoka machimbo ya Geita. Huko alijifunza kulamba mawe, maana jiwe likilowa ndipo dhahabu huonekana. Alilamba mafiga, akalamba jiwe la kusagia. Kisha akamwinamia bibi, akalamba la shingoni.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi ndama wa kulambwa?"

"Mayu, mama yangu, linang'aa! Humu mna mali."

"Humo yumo baba yangu."

Bibi alilivua alipokwenda kuoga, mjomba akaligonga nyundo. Ndani lilikuwa kijani mpaka mwisho. Lilipasukia palepale penye tundu.

Bibi hakulia. Alimtupia kipande kikubwa. "Toboa. Mtoto anakaribia kuketi."

Mjomba akaponda mawe meupe yakawa mchanga, kazi pekee aliyoijua. Mimi nikashika jiwe, yeye akapekecha. Tukapokezana likizo nzima. Tundu likabaki kama kovu la ndui.

"Mwanafunzi, huko shule mnafundishwa nini?"

"Mito ya Ulaya."

"Basi leta mmoja, maji yamekwisha."

Subira gani? Alilitukana jiwe, akayatukana machimbo, akanitukana na mimi. Naamini Wamaya nao walitukana, ila matusi hayachongeki.

Tundu lilipenya usiku wa kuamkia karamu, na uzi ukapita kwa shida. Bibi akamfunga mtoto, akangoja dalili ya marehemu. Mtoto akalishika jiwe kwa mikono miwili, akalitazama, akalilamba kwa bidii.

Bibi alimgeukia mjomba.

"Huyu si baba yangu," akasema.