Mafuta ya Kuku kwenye Nywele za Bibi

Nikisema nilianza kumtilia Mungu shaka kwa sababu ya kuku, watu watanicheka, na pengine wana haki. Niliishia darasa la saba. Biblia sijaimaliza. Wapo wenye akili kuliko mimi wanaoamini mpaka leo. Ila mimi naandika yaliyonipata, na yalianza na kuku.

Tunakaa Makere, si mbali na mpaka wa Burundi. Baba ni mzee wa kanisa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akipika pombe ya ndizi nyuma ya nyumba yetu, na kwa ajili hiyo kanisa lilimtenga. Ukitengwa unakuja ibadani kama wengine, lakini unakaa benchi la nyuma kabisa, meza ya Bwana huisogelei, na ukifa unazikwa na ndugu zako tu, bila mchungaji, bila kwaya. Bibi alikaa benchi lile tangu sijazaliwa. Hakukosa Jumapili, labda awe anaumwa. Aliimba kwa sauti kubwa na kukosea maneno. Wanawake wenzake wakimuuliza kwa nini asitubu akasogea mbele, anawajibu, "Huko mbele jua la dirishani litanipiga usoni."

Ndizi mbivu alizikamulia kwenye umuvure, gogo refu lililochongwa katikati kama hori la ng'ombe. Babu ndiye aliyemchongea, walipopata shamba hapa baada ya kukimbia Burundi. Tangu nikiwa mdogo nilipiga magoti pale pamoja na Bibi, tunazikanda ndizi kwa nyasi mpaka maji yatoke, nyuki wanatuzunguka. Baba akipita anaangalia pembeni. Chumvi na sabuni za nyumba zilitoka kwenye gogo lile, na shati lake jeupe la Jumapili lilifuliwa kwa sabuni hiyo. Simsuti. Alijua, na nadhani lilimuuma.

Kisha Bibi akashikwa na kifua. Hospitali walimchoma sindano, wakampa vidonge, wakasema tukamwangalie nyumbani. Baba akaanza kulia. Nilimkuta migombani ameshika shina, analia kama mtoto.

"Mama yangu alinivusha mpaka wa Burundi amenibeba mgongoni," akaniambia. "Leo nimfukie kama mbwa?"

Nilimhurumia. Namhurumia hata sasa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mama yake azikwe na kanisa, na kwa hilo ilibidi Bibi atubu kabla hajafa. Akamwita mchungaji.

Mchungaji alikuja mchana na wazee wenzake Baba. Mama alichinja kuku, maana wageni wa namna hiyo huwezi kuwapa maharage. Wakala kwanza. Bibi anakohoa nyuma ya pazia, wao wanausifu mchuzi. Mmoja alifyonza mfupa wa shingo mpaka ukapiga mluzi, wenzake wakacheka. Nilikuwa nimesimama na jagi na beseni, nikisubiri kuwanawisha. Walipomaliza nikamsogelea mchungaji. Akanipungia mkono.

"Acha, binti. Roho ameshashuka, tusimcheleweshe."

Wakaingia kwa Bibi, na mimi nyuma yao na maji yangu.

"Mama, Yesu unamkubali?" mchungaji akauliza.

"Yeye namkubali," Bibi akasema. "Nyinyi ndio hamnikubali mimi."

Mzee mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Na pombe, unaiacha?"

Bibi akamtazama Baba, aliyekuwa amepiga magoti miguuni pa kitanda, machozi yakimtiririka. Akamtazama muda mrefu.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Wakamvua kilemba. Wakamwekea mikono kichwani wote kwa pamoja, wakakisukasuka na kukemea. Bibi alikuwa amekonda, shingo yake nyembamba, kichwa kinakwenda huku na huku. Vidole vile vilikuwa vinang'aa. Niliona mafuta ya njano yakiingia kwenye mvi zake, na kipande cha ngozi ya kuku kikabaki juu ya sikio. Mzee aliyefyonza mfupa, kila baada ya "amina" alikuwa anachokoa jino kwa ulimi. Nilijiambia labda shetani ndiye ananionyesha haya ili nisisali. Nikafumba macho. Nikanusa mchuzi.

Walipotoka wakasema tunda la toba lionekane. Wakaupasua umuvure kwa shoka, wakauwasha moto. Ulikataa kushika, ukatoa moshi mwingi wenye harufu ya sukari iliyoungua. Mmoja akasema mkaa wake utakuwa mzuri.

"Kinaungua nini huko?" Bibi akauliza kutoka kitandani.

"Taka, Bibi."

"Taka hazinukii hivyo."

Jioni nilimwosha nywele kwa maji ya moto. Nilipaka sabuni, nikasuuza, nikapaka tena, mafuta bado yanateleza. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Niseme haki. Bibi alipona. Wao wanasema ni maombi. Alikuwa pia anameza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni, mimi ndiye niliyempa. Kilichomponya sikijui, na sitaki kujifanya najua. Mchungaji naye hakuondoka na kitu, na alitembea kwa miguu kuja kwetu. Labda alimpenda kweli. Hilo ndilo linalonichanganya.

Kanisani wakamkalisha benchi la mbele. Jua likampiga usoni kama alivyosema. Uani kwetu pakawa kimya. Waliozoea kuja kukaa naye jioni wakaacha, na siku nzima akawa anakaa pale gogo lilipokuwa, anakung'uta kanga. Kisha tukaambiwa atakwenda Kibondo kwenye mkutano mkubwa, kutoa ushuhuda. Tulipanda Fuso la kwaya, Bibi amewekewa mto.

"Mwana wanje, mwanangu," akaninong'oneza njiani, "watu hawa niwaambie nini?"

"Yaliyokupata, Bibi."

Uwanja ulijaa. Mchungaji wetu akapaza sauti, "Mama huyu, kwa mikono yake mwenyewe, amechoma vyombo vya shetani!" Watu wakashangilia. Bibi akapewa kipaza sauti, akakishika kama gunzi la hindi.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Mimi nilitubu kwa sababu mwanangu alikuwa analia. Gogo langu walilichoma hawa. Mimi nilikuwa kitandani."

Kuna waliocheka. Mpiga kinanda alipandisha sauti haraka. Mchungaji akachukua kipaza sauti huku akitabasamu, akatangaza kwamba pepo la pombe halijatoka lote. Wakamzunguka, mikono ikarudi kichwani, safari hii mingi zaidi. Kilemba chake kikaanguka, nikaona kiatu cheusi kinakikanyaga. Na mkono mmoja kati ya ile ulikuwa wa Baba.

Sikumbuki nilivyopanda jukwaani. Namkumbuka Baba akisema huku amebana meno, "Rudi ukakae, unaniaibisha."

"Baba, toa mkono."

Akautoa. Lazima niliandike hilo, kwamba aliutoa. Wengine hawakutoa. Nikaokota kilemba, nikakikung'uta, nikapita chini ya mikono yao, nikamtoa Bibi. Tukaenda kukaa nje ya uwanja, kwa mama mmoja anayeuza viazi vya kuchemsha. Nilimfunga kilemba. Bibi akamenya kiazi.

"Leo walikuwa wamenawa?" akauliza.

Kumbe siku ile ya kuku alijua yote.

"Sijui, Bibi."

"Haya. Kula."

Sasa aliyetengwa ni mimi. Kosa langu ni kuwadharau watumishi, na kuwadharau niliwadharau, siwezi kukana. Bibi wamemwacha mbele, wanasema ni mzee, akili zinampotea. Benchi la nyuma lina upepo. Nikiwa pale nasikiliza maneno ya mahubiri na kuyapima, na mengi ni mazuri, lakini sijui tena kama kuna anayeyasikia zaidi yetu. Najiuliza kama nimemkataa Mungu au nimekataa vidole tu. Mwenye shule angeweza kuvitenganisha. Mimi nimeshindwa. Nikiinamisha kichwa nisali, nasikia kama vinaniingia nywelani.

Juzi Baba alinifuata migombani. Akasema nikiugua nikafa hivi hivi atanizika vipi. Akanishika bega akaniomba nitubu, neno moja tu, mbele ya watu. Akaanza kulia.

Neno lenyewe nalijua, ni lile ego. Bibi alimpa kwa sababu ya machozi hayo hayo. Nilifungua mdomo nimpe na mimi, ni baba yangu. Harufu ya ule mchuzi ikanijia kooni, nikageuka nikatema mate kwenye majani. Yeye akadhani nimemtemea yeye.