Mgeni Niliyemkaribisha Mlenda Kondoa

Kwanza tuelewane: hapa situngi. Ningekuwa natunga ningejipa sura nzuri zaidi, si ya mtu mzima aliyeketi mkekani na mlenda kidevuni. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, watu kumi na mmoja wakitazama, na mmoja wao ni mwalimu.

Darasa letu la shule ya usiku kule Likoni lilikuwa limemaliza mtihani. Watu wazima watupu. Mimi ni fundi baiskeli, jirani yangu wa dawati ni Bi Zuhura mpika maandazi, na waliobaki ni makuli, washonaji na baba mmoja mwenye wajukuu saba. Mwalimu Charo akasema, "Tanzania mmeisoma kwenye ramani mpaka ramani imechanika. Sasa twende mkaione." Basi tukavuka mpaka, watu kumi na wawili, basi hili na basi lile, hadi Dodoma. Tukalala huko, mtaa wa Makole, siku mbili.

Mwalimu alikuwa na sharti moja: kila chakula cha wenyeji kionjwe. Dodoma nilikula kumbikumbi wa kukaanga bakuli mbili. Wengine watakwambia ilikuwa moja. Hao wana wivu. Ugali wa uwele, mzito, wa rangi ya udongo wa mvua, niliumaliza kabla wenzangu hawajanawa. Kilichonishinda ni mlenda. Unaujua? Ni mboga ya majani inayoteleza na kuvutika. Sisi pwani tunajigamba kwa bamia, lakini niamini, bamia mbele ya mlenda ni mtoto wa chekechea. Tonge langu la kwanza lilitoka bakulini na uzi, uzi ukanifuata kidevuni, ukashuka kifuani, na Bi Zuhura akacheka hadi nadhani Singida walimsikia.

"Fundi! Umejifunga kamba! Nani atakufungua?"

Siku ya tatu tukaenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni, na adhuhuri tukafika kijijini kwa mwenyeji wetu, Mama Hadija, bibi mwembamba mwenye sauti ya mtu asiyerudia neno. Tukampa shikamoo kwa pamoja kama watoto wa shule. "Marahaba, wanangu. Nimeambiwa yuko mmoja asiyeujua mlenda."

Vidole kumi na moja vikanielekea.

Akanifundisha mwenyewe. "Chovya. Zungusha tonge. Sasa kata uzi kwa kidole. Usivute kama unateka maji!" Nikachovya, nikazungusha, nikakata. Ukakatika! Nikapigiwa makofi.

Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, kivulini mwa ukuta wa jiko, mbele yetu njia itokayo kilimani. Kabla hajatuachia bakuli alisema jambo moja. "Hapa kwetu tukiwa tunakula, mpita njia ndiye anayeanza salamu. Asiyesalimu, mwacheni apite." Tukaitikia sote. Mimi pia niliitikia, tena kwa sauti.

Lakini hebu niambie, mtu wa pwani anakulaje bila kukaribisha? Kinywa changu husema karibu kabla kichwa hakijapata habari. Akapita bwana mmoja mrefu, kanzu yake rangi ya vumbi, fimbo mkononi. Hakutazama, hakusalimu. Nikasikia sauti yangu: "Karibu tule, bwana!"

Mama Hadija akaweka mwiko chini taratibu.

Yule bwana akageuka, akaja, akaketi mkabala nami bila kunawa. Wenzangu watatu tuliokuwa tukila nao bakuli moja wakahisi baridi, wakahamia mkeka mwingine kabla hajagusa chakula. Baridi, adhuhuri ile! Akasema kwa upole, "Umenikaribisha. Basi tule. Kati yetu wawili, atakayenyanyuka kwanza atamfuata mwenzake anakolala."

Nikacheka. Nikamtazama Mama Hadija ili acheke nami. Hakucheka. "Usinyanyuke, baba," akaniambia. "Wako walionyanyuka hapa. Mama zao bado wanawapikia."

Bi Zuhura akaanza kusoma dua. Mwalimu Charo akanishika bega, akanikandamiza mkekani, na hapo ndipo nilipojua haya si mambo ya mtihani.

Tukala. Ugali ulikuwa mkubwa kama tairi la bajaji, umepikiwa watu wanne. Yeye alichovya, akanyanyua, na uzi haukutoka. Hata mmoja! Mkono wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Na hatafuni. Kila tonge lilipita karibu na mdomo, likaangukia nyuma yake, na kuku wa Mama Hadija wakalizunguka kwa mbali. Nikaelewa: huyu hali. Anangoja nishibe. Nikishiba nitanyanyuka, watu wote hufanya hivyo.

Bwana wee, hakunijua! Mimi niliyelelewa nyumba ya ndugu kumi na sinia moja? Nikachovya, nikazungusha, nikakata. Tonge la ishirini, la arobaini. Jasho likanitoka, mkanda nikaulegeza, tumbo likagonga magoti.

"Umeshiba," akasema yule bwana.

"Nani? Mimi?"

"Kula, Fundi!" akalia Bi Zuhura. "Kula, mwanamume, usituaibishe Likoni!"

Darasa zima likaanza kupiga makofi kwa kila tonge. Nikafuta bakuli kwa kidole. Nikalamba kidole. Halafu, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikageuza shingo: "Mama Hadija, kuna ukoko?"

Akaniletea chungu kizima. Nilipoanza kuukwangua, yule bwana alinitazama machoni kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeona ajabu. Yeye! Kisha akashika fimbo yake, akanyanyuka.

Kelele zilizopigwa pale! Walinibeba, ingawa ilihitaji watu saba. Mama Hadija peke yake ndiye aliyebaki akinitazama kwa huruma. "Umeshinda," akasema. "Sasa ni wako."

Mpakani, wakati wa kurudi, ofisa alituhesabu mara tatu. "Karatasi kumi na mbili. Mbona watu kumi na watatu?"

Yuko kwangu mpaka leo. Hukaa barazani, kimya, na wateja wangu wengine humwamkia. Hana ubaya, tangu aje hakuna mwizi aliyegusa baiskeli hata moja. Ila kila adhuhuri lazima nimkalie mkabala na bakuli la mlenda, na kila siku lazima anyanyuke yeye kwanza. Mpaka sasa sijashindwa hata siku moja.

Wewe je, tumbo lako linaweza hivyo? Kama huna hakika, ukiwa ugenini umekaa kwenye chakula na akapita mtu asiyesalimu, tafuna, inama, na ufunge mdomo.