Nikishika Bendera ya Kanisa Kifua Kinabana, Wakasema Nitubu

Wasomaji wenzangu, ukurasa huu umelificha jina langu kwa ajili ya watoto wangu tu, si kwa sababu naona aibu. Nina miaka arobaini na sita, nauza mboga hapa Dandora, ambako mimi na mume wangu bado tunajenga nyumba yetu chumba kimoja kimoja.

Kanisa letu ni la ngoma na kanzu nyeupe. Kila Jumapili tunaandamana mitaani tukiimba, na mimi nilikuwa mshika bendera. Si kazi ya mchezo hiyo. Kwetu inaaminika kwamba mwenye dhambi aliyoificha hawezi kuibeba bendera, itamlemea tu.

Basi mwaka jana, tukipanda kilima kutoka mtoni, kifua kikanibana kama nimekaliwa na mtu. Nikampa mwenzangu bendera, nikaketi kando ya barabara, maumivu yakaisha. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Wazee wakatazamana. Nikiishika naumia, nikiiachilia napona. Walitaka ushahidi gani tena?

"Dada, tubu," mzee wa kanisa akaniambia mbele ya watu wote. "Sema ulifanya nini, na nani."

Na nani! Mimi ninayefuata mboga sokoni kabla ya jogoo kuwika, jioni nalala na viatu miguuni! Nikamjibu, "Mzee, sina la kusema." Wakaninyang'anya bendera, wakanikalisha nyuma karibu na mlango.

Mume wangu ni mpiga ngoma wa kanisa. Nilidhani atanitetea. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama Watoto, si useme tu kitu, tumalize hii maneno?" Hapo niliumia kuliko kule kilimani.

Nikaenda hospitali peke yangu. Daktari akanilaza, akanibandika nyaya kifuani, mashine haikuonyesha kitu. Nikajua naye ataniambia nitubu. Lakini akauliza maumivu huanza nikifanya nini na hutulia nikifanya nini. Nilipomweleza habari ya kilima, akanipandisha na kunishusha ngazi fupi mpaka kifua kikabana, kisha akanipima tena.

"Mama, ukifanya kazi ngumu moyo wako haupati damu ya kutosha," akasema. "Ndiyo maana ukipumzika unatulia."

Akanipa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Akanionya kwamba siku maumivu yakikataa kutulia hata nimeketi, au kijasho chembamba kikinitoka, au mkono ukaanza kuuma, nisingoje kitu, nikimbizwe hospitali.

Nikavipeleka vidonge vyangu kanisani, nikawaonyesha. Wakasema hospitali haipimi dhambi. Haya. Bado naenda kila Jumapili, nakaa pale pale mlangoni, naimba kwa sauti kuwapita wote. Sitatubu kosa ambalo sikulifanya, hata wanizike bila kanzu.

Lakini nisingewaandikia kwa hayo. Jumapili iliyopita ngoma ilimshinda mume wangu pale pale kilimani. Akainama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Jioni nikamkuta ameketi, mkono kifuani, jasho limemlowesha uso, na hakuwa ameinua hata kikombe.

"Ni kiungulia," akasema, akakoroga magadi kwenye maji, akanywa. "Na usiambie mtu. Unataka waniulize mimi pia nilikuwa na nani?"

Nimembembeleza twende kwa daktari, nimemfokea, nimelia. Hataki. Akionekana huko, wazee watajua. Anawaogopa wazee kuliko kaburi, na Jumapili ijayo anasema atabeba ngoma yake kama kawaida.

Nikisimama mbele ya kanisa niseme mume wangu anaumwa na moyo kama mimi, nitamvunjia heshima, na huenda asinisamehe kamwe. Nikinyamaza, nitamzika na heshima yake. Mimi nimeaibishwa mbele ya watu wote na sikufa. Huenda barua hii ikiwafikia nitakuwa nimeshasimama. Kama bado, niambieni ninyi wenye waume: mngemwaibisha awe hai?